Umekuja na Nani?

Siku ile chumbani tulikuwa wanne, na nje mmoja. Dokta Eliaichi alikaa kwenye stuli yake ya magurudumu. Sista Mwamvita alisimama kwenye mashine ya umeme. Zuhura, muuza vyombo vya plastiki wa Kariakoo, alikuwa kitandani, miguu imewekwa juu ya vishikio. Mimi Sikudhani, mhudumu, nilikuwa pembeni na kopo la fomalini ya kuhifadhia vipande, kibano na uzi. Nje kwenye benchi alikaa Bi Kidawa, shangazi yake Zuhura, kikapu mapajani, amesinzia kabla hata hatujafunga mlango.

Nawataja wote, hata aliyesinzia. Mtaona mbele kwa nini.

Nilistaafu mwaka jana. Sista Mwamvita ameniomba niwaandikie nyie mnaoanza kazi kwenye kliniki yetu ya mlango wa kizazi. "Dada Siku, waandikie yale ambayo hayamo kwenye kitabu," alisema. Kitabu chenyewe nisingeweza kukiandika, maana niliishia darasa la sita. Baba alikuwa ameshakufa, mama naye akafuata, nikabaki na wadogo watatu: Rajabu, Asha na Mwinyi. Niliwalea kwa vitumbua pale Ilala, baadaye kwa kufagia wodi. Siku moja mhudumu wa kliniki alikwenda kujifungua, Dokta Eliaichi akatoka mlangoni, akanikuta na ufagio, akaniuliza kama naogopa damu. Nikamwambia hapana. Akasema, "Nawa mikono." Nikanawa, nikakaa humo miaka ishirini na kitu. Basi nitawaita wadogo zangu, ndivyo nilivyozoea.

Nianze na mafuta. Mwanamke wa Dar haendi hospitali amepauka. Anaoga, anajipaka mafuta ya nazi kuanzia shingoni hadi kisiginoni, ndipo anakuja. Sasa mashine ya kukatia inataka bamba libandikwe pajani, umeme unaoingia kwa waya upate pa kutokea. Bamba halishiki kwenye mafuta. Likishika upande mmoja tu, umeme wote unapita hapo, na mgonjwa anaondoka na alama ya moto ambayo hakuja nayo. Kwa hiyo uliza.

"Mama, umejipaka mafuta mapajani?"

"Sasa nije hospitali kama nimetoka kubeba saruji?"

Hilo ndilo jibu utakalopewa. Cheka naye, chukua kitambaa na sabuni, futa, kausha, ndipo ubandike. Pini, hereni na vikuku vivuliwe. Kama kuna chochote kimefungwa kwenye pindo la kanga, kitoke. Spekulamu, kile kifaa cha kupanulia njia, ya chuma tupu usimpe daktari kwa kazi ya umeme. Mpe ile iliyopakwa plastiki, na kabla hujampa itazame kwenye mwanga. Ikiwa na mkwaruzo, iweke kando. Bomba la kuvuta moshi liwashwe kwanza, maana ule moshi unanuka nyama ya kuchoma. Mimi sikula mishikaki mwaka mzima. Sista Mwamvita yeye alikuwa akitoka chumbani anapitiliza moja kwa moja kwa mchoma mishikaki, na anaongeza pilipili.

Nilipoingia kazini, tulikuwa tunaugandisha ugonjwa. Kulikuwa na mtungi mkubwa wa gesi, bomba, na kichwa cha chuma kinachobandikwa kwenye mlango wa kizazi mpaka panakuwa peupe kama barafu. Tatizo lilikuwa mtungi. Ukiisha, tunawaambia kina mama warudi wiki ijayo, na wengine hatukuwaona tena. Kikaja kifaa cha joto, kidogo, unakishika mkononi, kama pasi ya kunyooshea kola. Hicho nilikipenda, hakina mambo mengi. Lakini kugandisha na kuchoma vyote viwili vinaua ugonjwa palepale, havikuachii kitu cha kupeleka maabara. Vinafaa pale daktari anapouona ugonjwa wote kwa macho, umekaa nje, mdogo. Ukiwa mkubwa, au umeingia ndani kwenye njia, au sura yake haimpendezi, inabidi ukatwe utoke, uende ukasomwe.

Kukata kwa umeme kuna namna mbili, na juu ya hizo mbili Dokta Eliaichi na Sista Mwamvita walibishana miaka yote niliyokuwa nao. Kuna waya wa duara na kuna waya ulionyooka. Ule wa duara msiuite kitanzi mbele ya mgonjwa. Mmoja alisikia hilo neno akashuka kitandani: "Mimi nimekuja kutibiwa, uzazi wa mpango nimewaomba saa ngapi?"

Waya wa duara ni kama kijiko kwenye parachichi. Umbo lake ndilo linalofanya kazi. Daktari anawasha umeme kabla hajagusa, anaingia upande mmoja, anapita bila haraka, anatokea wa pili. Akienda mbio, waya unakwama. Akienda polepole mno, unaunguza kingo, na maabara hawasomi makaa. Ukienda vizuri, ni muda mfupi tu, mwanamke anauliza "mmeanza?" na nyinyi mmeshamaliza. Ila ugonjwa ukiwa mpana au umeingia ndani, duara moja halitoshi. Unarudi mara ya pili, ya tatu, na vipande vinatoka viwili, vitatu.

Waya ulionyooka ni kama ncha ya kisu unapotoa kiini cha kabichi. Daktari anachora mduara mwenyewe, anaelekeza ncha ndani, anazunguka mpaka kinatoka kipande kimoja kama kofia ndogo. Unachukua muda. Damu nayo, kwa niliyoyaona mimi, ilitoka zaidi kidogo, na mkono wa daktari lazima uwe umetulia, maana hakuna umbo la kumsaidia. Mwanamke anahesabu mapanga ya feni hadi anachoka.

"Dokta, foleni imefika getini," Sista Mwamvita alikuwa anasema. "Chukua duara, mama wa watu akapike."

"Na maabara wakiniuliza kingo ziko wapi, nikujibu wewe?"

"Waambie ziko kwenye kopo."

Dokta alikuwa na daftari lake la kulinganisha. Kila mgonjwa aliandika: waya gani, vipande vingapi, damu namna gani, maabara wamezisoma kingo au wameshindwa. Nilimuuliza siku moja upi bora. Akasema inategemea ugonjwa umekaa wapi na mwanamke mwenyewe ni nani, bado anataka kuzaa au ameshamaliza. Mimi, mtu wa kopo, niliupenda ule ulionyooka. Kipande kimoja, uzi juu, kazi imekwisha.

Uzi ni hivi. Kipande kikishatoka, hakina juu wala chini. Ni nyama. Maabara wakikuta ugonjwa kwenye ukingo, wanataka kujua ukingo gani, ili daktari ajue ni wapi umebaki. Kwa hiyo mhudumu anafunga uzi upande uliokuwa juu. Wiki yangu ya kwanza Dokta aliniambia, "Funga saa kumi na mbili," kama vitabu vyake vya ng'ambo vinavyosema, na mimi nikafunga chini kabisa, pale mshale unapokaa jua likizama. Alicheka hadi miwani ikamdondoka. Toka hapo tukakubaliana kusema uzi unakaa upande wa kitovu, na hatukukosea tena. Vikitoka vipande vingi, mhudumu anavichoma pini kwenye kipande cha sponji kwa mpangilio wa vilivyotoka, cha nje, cha kati, cha ndani. Sponji nilikuwa nakata kutoka godoro kuukuu. Hiyo ni kazi yenu peke yenu. Daktari macho yake yako kwenye damu, nesi yuko kwenye mashine. Hakuna anayewaangalia.

Turudi siku ile. Ugonjwa wa Zuhura ulikuwa umeingia ndani kidogo. Dokta alipima, akaona duara litafika, akachagua duara. Halikuwa kosa, msije mkadhani nambebesha mzigo. Ganzi ikaingia, Zuhura akapiga stori za wateja wanaopima ndoo kwa kuzikalia, Sista akabonyeza, waya ukaingia. Nusu ya safari umeme ukakatika.

Feni ikanyamaza, bomba la moshi likanyamaza, taa ikazimika. Waya ulikuwa ndani ya nyama.

"Kila mtu atulie palepale," Dokta akasema. "Zuhura, usijitikise."

"Dokta," Zuhura akasema gizani, "mmenizimikia ndani?"

"Tulia, mama, jenereta linakuja."

"Huu umeme wenu mpaka huku unafuata watu!"

Alitania, lakini miguu ilikuwa inatetemeka mpaka vishikio vinalia. Nikamshika mkono. Alinibana kama anayezama, sikuweza kuuchomoa. Sista akawasha tochi ya simu. Dokta akautoa waya taratibu, na kipande kikaja nao, akakiweka kwenye bakuli. Jenereta likaunguruma, akaingia upande wa pili, kikatoka cha pili, akaweka kwenye bakuli lilelile. Akaongeza ndani kwa duara dogo, kikatoka cha tatu. Akafunga damu. Muda wote huo mkono wangu ulikuwa kwa Zuhura. Nilipogeuka, bakulini kulikuwa na vipande vitatu vimelaliana, na mimi sikujua kipi ni kipi.

Dokta akauliza bila kugeuka, "Siku, umevipanga?"

"Nimevipanga," nikasema.

Nilivipanga kwa kubahatisha. Nilikitazama kila kimoja, nikachagua kilichoonekana cha ndani, nikakichoma pini ndani. Uzi nikafunga nilipodhani ni juu. Nikafunika kopo, nikaandika jina vizuri kabisa, mwandiko wangu ni mzuri.

Majibu yalirudi: ugonjwa mkali, kabla ya kansa, lakini ukingo wa ndani safi. Dokta akafurahi. "Zuhura amepona," akasema, "aje baada ya mwaka." Nilikuwa naosha vyombo. Niliviosha vyote, nikavipanga kwenye kisafishio, nikakausha mikono, ndipo nikaenda kusimama mbele ya meza yake.

"Dokta, ukingo wa ndani wa Zuhura, mimi ndiye niliyeuchagua. Sikujua kipi cha ndani. Umeme ulipokatika nilikuwa nimemshika mkono."

Aliweka kalamu chini.

"Ungenyamaza nisingejua kamwe."

"Najua."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

Alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa. Hakunifokea. Akasema, "Basi majibu haya si kitu. Mtafute. Tutamkata upya, kwa waya ulionyooka, kitoke kimoja." Kisha akaongeza, bila kuniangalia, "Siku, nakuomba usiwahi kuniambia umepanga kitu ambacho hujapanga."

Namba ya simu ilikuwa ya Bi Kidawa, na Bi Kidawa alisema mtoto amepona na amerudi kwenye biashara, tumwache. Fomu ilikuwa imeandikwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, basi. Mnaujua Mtaa wa Kongo ulivyojaa watu na meza. Na sisi wa kliniki tuna mwiko wetu, ushikeni: ukikutana na mgonjwa mtaani, usimsalimie wewe kwanza. Hujui yuko na nani, hujui amewaambia nini. Akikusalimia, itikia. Asipokusalimia, wewe ni mpita njia. Kwa hiyo Jumamosi mbili nilitembea Mtaa wa Kongo nikitazama mabeseni.

Jumamosi ya pili nikamwona. Meza imejaa ndoo, bakuli, machujio yananing'inia juu kama taa. Alikuwa anaita wateja, "Karibu mama, karibu, plastiki ya kudondoka haivunjiki, hii hapa nadondosha!" Akadondosha bakuli, likaruka. Akaniona. Uso ukabadilika kidogo tu, mwenzake wa meza ya pili hakugundua.

"Karibu, mama. Unataka nini?"

"Chujio," nikasema. Ndilo lililokuwa karibu na mkono.

"La nazi au la chai?"

"La nazi."

Akainama kutafuta mfuko, na mimi nikainama naye, nikamwambia inabidi akatwe upya.

"Mliniambia nimepona," akanong'ona.

"Tulikosea. Mimi nilikosea. Vipande nilivichanganya, nikabahatisha. Dokta hana kosa."

"Yaani nyama yangu mimi umeichanganya kama karanga?"

"Ndiyo."

Alinitazama. Nilitegemea atanipiga na ndoo, na ingekuwa haki yake.

"Sirudi," akasema. "Mmenikata, nimekaa wiki ngapi sinyanyui beseni, mume analala anatazama ukuta, halafu mnataka tena? Mimi si bucha, dada." Akaniingizia chujio mfukoni. Kisha akauliza, "Wewe umeshalala pale?"

"Wapi?"

"Kitandani pale. Umeshapandisha miguu, ukapakwa ile siki ya kuonyesha ugonjwa, ukaangaliwa?"

"Bado."

"Miaka yote hiyo unatushika mikono na wewe hujalala? Mpishi gani huyu haonji?" Mwenzake akageuka, Zuhura akapaza sauti, "Namwambia mama huyu chujio hili hata mimi nalitumia!" Akashusha tena. "Lala wewe kwanza. Ukishalala, njoo unambie. Siku hiyohiyo nafunga meza nakuja."

Sasa niwaambie habari za mama yangu, ndipo mtaelewa. Mama alitoka damu miezi mingi. Majirani walisema ni hedhi imeharibika, wengine wakasema karogwa. Mimi ndiye niliyefua vitambaa. Baadaye kukawa na harufu, na watu wakaacha kuingia chumbani. Nilichoma udi, nikawaambia wadogo zangu wakalale kwa jirani. Alipofariki nilikuwa nimemshika mkono, na harufu ile ikabaki kwenye kanga zake hata nilipozifua mara tatu. Hakuna aliyeutaja ugonjwa jina. Mwaka wangu wa kwanza kliniki aliletwa mama mmoja amechelewa sana. Nilipofungua mlango, ile harufu ikanipokea. Nilishika fremu ya mlango nikasema moyoni, kumbe ndicho hiki.

Jioni tatu mfululizo baada ya Zuhura kuniambia vile, nilibaki kliniki wenzangu walipoondoka, nikasimama kando ya kitanda. Sista Mwamvita alinikuta.

"Panda basi. Dakika tano."

"Kesho."

"Kesho ulisema jana."

Nilikuwa nawaza, nikikutwa nao, ni nani atakayewaambia wadogo zangu, na kwa maneno gani? Rajabu alikuwa Mwanza, Mwinyi Dodoma, Asha anafanya kazi za ndani Maskati. Wote wananipigia simu, watoto wazuri, sina la kuwalaumu. Lakini mimi ndiye niliyewafunika masikio wasisikie mama akilia. Niwaambie nini sasa?

Jumamosi ya nne nikarudi Mtaa wa Kongo.

"Umelala?" Zuhura akauliza.

"Nimelala."

Akanitazama machoni. "Iliuma?"

"Haikuuma. Siki inawasha kidogo. Chuma ni baridi, basi." Hayo niliyajua kwa vinywa vya wanawake wote niliowashika mikono. "Wamenikuta salama."

Akashusha pumzi. Akamwita mwenzake amtazamie meza, akaanza kufunga kamba ya turubai.

Kukata ni Jumanne, basi akaja Jumanne hiyo, Bi Kidawa akiwa na kikapu kilekile kwenye benchi lilelile. Dokta alitumia waya ulionyooka. Umeme haukukatika. Zuhura alihesabu mapanga ya feni kwa sauti, akifika matatu anaanza upya. Mimi sikumshika mkono, nilisimama kwenye kopo kama askari. Kipande kilitoka kimoja. Nikakipokea, nikafunga uzi upande wa kitovu, nikamwita Dokta akitazame kabla sijakizamisha. Majibu yaliporudi, ugonjwa ulikuwepo, ndani, pale ambapo mimi niliandikisha kuwa ni safi. Lakini kingo zote za kipande kipya, zote, zilikuwa safi kweli.

Zuhura yuko hai. Anakuja kila mwaka. Sijui angekuwa wapi kama asingeamini lile neno nililomwambia, na ndiyo maana kwa muda mrefu nilijiambia halikuwa na ubaya. Tatizo ni kwamba Zuhura hanyamazi. Alianza na mwenzake wa meza ya pili, akaja kwa wauza vitenge, akaja kwa mama ntilie. "Nendeni, msiogope! Hata mhudumu mwenyewe alilala, kaniambia kwa mdomo wake, siki inawasha kidogo, chuma baridi, basi!" Wakaja kundi kwa kundi, wananiita jina. "Dada Siku ni wewe? Zuhura katuambia." Mimi nawapokea, nafuta mafuta, nabandika bamba. Wengine tuliwakuta na ugonjwa mapema, wakapona. Kila mmoja aliyepanda kitanda kile alipanda juu ya neno langu.

Kuna swali tunaloliuliza mlangoni, na mtalirithi: "Umekuja na nani?" Anayekatwa asirudi peke yake. Damu inaweza kuanza njiani, kichwa kinaweza kuzunguka kwenye ngazi. Ni utaratibu mzuri. Mimi niliushika kama askari wa msafara wa mwenge, hakuna kupita. Siku moja alikuja mwanamke mwenye mtandio wa kijani. Nikamuuliza, akasema, "Sina mtu." Nikamwambia, "Tafuta mtu, urudi." Akaitikia kwa adabu, akaondoka. Hakurudi. Jina lake nililiandika kwenye daftari la wanaosubiriwa, na daftari lilipoisha nikalihamishia kwenye jipya, na jipya. Wadogo zangu, akiwaambia hana mtu, msimrudishe. Kaeni nyinyi kwenye benchi. Chukueni mtu wa usafi, chukueni mwanafunzi, mtu yeyote mwenye kukalia kiti. Mimi sikulijua hilo mpaka nilipoulizwa mwenyewe.

Wiki yangu ya mwisho kazini vilikuwa vimekuja vijiti vya kipimo kipya cha kirusi kinacholeta ugonjwa huu, ambacho mwanamke anajichukulia mwenyewe chooni. Sista Mwamvita akaniwekea kimoja mkononi. "Hakuna kitanda, hakuna siki. Nenda." Nilikwenda kwa sababu ilikuwa wiki ya mwisho na wote walikuwa wananitazama. Majibu yalikuja nimeshakaa nyumbani, chumbani kwangu Ilala, nimejifunza kupika kikombe kimoja cha mchele. Kirusi kipo. Nikaenda, nikapanda kitanda kile kwa mara ya kwanza, daktari mpya akatazama kwa kioo cha kukuzia. Akakata kipunje, kikaenda maabara. Bado si kansa, alisema, lakini ugonjwa ni mkali na umeingia ndani, kama inavyokuwa kwa watu wa umri wangu, mwisho wake hauoni. Waya ulionyooka. Jumanne.

Siki inawasha kidogo, kweli. Chuma ni baridi.

Nilipokuwa navaa viatu, mhudumu aliyechukua nafasi yangu, binti mpole anaitwa Rehema, akafungua daftari. "Shikamoo, mama. Jumanne utakuja na nani?"

"Marahaba," nikasema. Na nikafungua kamba ya kiatu, nikaifunga upya, mpaka akainua kichwa.

Asha yuko ng'ambo ya bahari. Kwa Rajabu na Mwinyi sijapata neno la kuanzia. Sista Mwamvita atakuwa kwenye mashine, hawezi kuwa sehemu mbili. Mtu ninayetaka awe kwenye lile benchi ni mmoja tu, na siwezi kumwomba bila kumwambia kwamba siku ile sikulala.

Nimeshakwenda Mtaa wa Kongo mara tatu. Mara ya kwanza kulikuwa na wateja, nikanunua chujio. Mara ya pili hakukuwa na wateja, nikanunua chujio. Jana Zuhura aliweka mikono kiunoni.

"Dada Siku, nyumbani uko peke yako. Unachuja nini, bahari?"

Wenzake wakacheka. Mmoja wao, muuza vitenge, alikuwa amelala kwenye kitanda chetu mwaka juzi. Akasema, "Mwacheni dada yetu, bila yeye nani angethubutu?" Nikalipa, nikaondoka.

Kwa hiyo nina machujio manne kwenye msumari ukutani, na nazi sijakuna tangu Idi.

Jumanne chumbani tutakuwa wanne. Daktari mpya kwenye stuli ya magurudumu. Sista Mwamvita kwenye mashine. Rehema kwenye kopo, nimeshamwonyesha uzi unakaa wapi. Mimi kitandani, bila mafuta. Kwa mtu wa kwenye benchi nje, Rehema ameacha mstari mtupu kwenye daftari, amesema nitamjazia nikija.

Leo ni Jumapili, na Zuhura hufungua meza Jumapili mpaka adhuhuri. Nimeshavaa viatu. Pochi nimeiacha mezani, nisije nikapata cha kununua.